Mlango wa Mto Kongo Si Tundu la Kupitishia Mizigo

Katika mdahalo mmoja wa darasa letu hapa Lubumbashi tuliulizwa swali hili: bandari mpya inayojengwa Banana, kwenye mlango wa mto Kongo, ina faida gani kwetu sisi watu wa kusini na mashariki ya nchi? Mwenzangu mmoja, kijana hodari wa kusema, alisimama akamaliza mambo kwa maneno machache: "Bahari yetu sisi ni Dar es Salaam. Ile ya Banana ni ya watu wa Kinshasa." Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Mwingine akaongeza kwamba hata hao wa Kinshasa wasisumbuliwe na habari za miti na samaki, kwa sababu mikoko haijengi barabara. Makofi yakazidi.

Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na tulishindwa vibaya kwa kura. Ukweli ni kwamba tulistahili kushindwa, maana nilijibu kwa hasira badala ya kujibu kwa hoja. Hasira imekwisha sasa, hoja zimebaki, na naomba wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu wanipe nafasi ya kuzitoa upya.

Nina kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba mlango wa mto Kongo ni mali ya Wakongo wote, na sisi tunaosema Kiswahili tuna historia yetu pale, hata kama wengi wetu hatujawahi kufika. Ya pili ni kwamba kwa muda wa miaka zaidi ya mia tano, karibu kila mwenye nguvu aliyeushika mlango ule aliuona kuwa tundu la kutolea mali. Hakuuona kuwa mahali wanapoishi watu, miti na viumbe vya maji. Bandari mpya ikijengwa kwa fikra ileile ya zamani, itatuletea hasara ileile ya zamani, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Nianze na hoja ya kwamba bahari ile si yetu.

Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitusimulia safari ya shaba ya Katanga ilivyokuwa wakati wake. Shaba ilipakiwa huku kwetu kwenye mabehewa, ikaenda kwa treni mpaka Ilebo, ikashushwa na kupakiwa kwenye mashua za mto Kasai hadi Kinshasa, kisha ikapandishwa treni tena hadi Matadi, na pale ndipo ilipoonana na meli. Njia hiyo iliitwa njia ya kitaifa. Reli ya Benguela ilipofungwa na vita vya Angola mwaka 1975, njia hiyo ilizidi kuwa na uzito. Babu alitaja majina ya vituo kama mtu anayehesabu wajukuu wake, lakini mwenyewe hakuwahi kuvuka Ilebo. Alikufa bila kuiona Matadi, sembuse bahari. Mali ya jimbo lake ilifika mlangoni mara elfu, yeye hata mara moja.

Tena si shaba tu. Bwawa la Inga liko kwenye maporomoko, juu kidogo ya Matadi. Tangu miaka ya 1980 mwanzoni, waya za umeme zenye urefu wa kilomita 1,700 hivi zinatoka Inga mpaka Kolwezi ili mitambo ya migodi yetu izunguke. Na maji yenyewe? Lualaba unaoanza huku kwetu Katanga, ukapita karibu na Kolwezi, ukapita Kindu mpaka Kisangani, ndio huohuo unaobadilishwa jina kuwa mto Kongo na kumwagika Banana. Uchafu wa migodi tunaouacha uingie Lualaba una njia moja tu ya kwenda. Mwenye kusema bahari ile haimhusu angetueleza kwanza maji yake ya kuoga yanaelekea wapi.

Sasa nizungumze na sisi wanafunzi wa Kiswahili hasa. Tunafundishwa kwamba Kiswahili kiliingia Kongo kutoka mashariki, kikafuata misafara kupitia Tabora na Ujiji hadi Maniema. Ni kweli. Lakini wasemaji wa Kiswahili walifika mpaka ng'ambo ya pili. Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, waliombeba, waliompikia na waliomlinda walikuwa kwa sehemu kubwa Waungwana wa Unguja. Walipokaribia Boma mwezi Agosti 1877, njaa imewashika na wenzao wengi wamekwisha kufa, Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa wafanyabiashara wazungu wa Boma. Nani waliipeleka? Uledi, Kacheche, Robert Feruzi na mwenzao mwingine. Wasemaji wa Kiswahili ndio waliotangulia kuleta habari ya msafara ule mlangoni. Vitabu vingi vinasema Stanley alifika. Vichache vinawataja waliotumwa mbele.

Miaka kumi baadaye, yaani 1887, Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alipanda meli Unguja pamoja na Stanley, wakazunguka kusini yote ya Afrika, wakashuka Banana mwezi Machi. Alikuwa anakwenda kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya aina hiyo katika lugha yetu. Simtaji kwa kumsifu. Biashara yake ya pembe na watumwa inajulikana, na wazee wa Maniema hawakuhitaji kitabu ili waijue. Namtaja kwa sababu mtu tunayemsoma kama mtu wa mashariki aliingia Kongo mwaka ule kwa mlango wa magharibi. Kwa hiyo mwenzangu asiseme kwamba kule ni ugenini kwa lugha yetu. Wenyeji wa pale ni Wakongo wasemao Kikongo, na heshima hiyo hatuwanyang'anyi. Lakini nyayo zetu zipo pia.

Nakuja kwenye kauli yangu ya pili, ile ya tundu.

Diogo Cão, nahodha Mreno, alifika kwenye mlango huu mwaka 1482. Wenyeji waliuita mto Nzadi, au Nzere, na Wareno wakaligeuza jina hilo kuwa Zaire, jina ambalo Mobutu alilipa taifa zima kuanzia 1971. Biashara ilianza kwa vitambaa, shaba na pembe, lakini haikukawia kugeuka. Mwaka 1526 Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo alimwandikia Mfalme João wa Tatu wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake kila siku, hata wana wa watukufu na jamaa zake mwenyewe. Barua hiyo ipo mpaka leo. Mlango ukawa wa kutolea watu. Kwa zaidi ya karne tatu waliopita pale kwa minyororo hawakurudi.

Biashara ya watumwa ilipozuiwa, zikaja nyumba za biashara za Wazungu Banana na Boma. Kisha ukaja mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885. Leopold alipewa nchi kubwa kuliko Ulaya ya magharibi, na pwani nyembamba ya kuifikia. Ureno ilibaki na ukingo wa kusini, na Kabinda upande wa kaskazini. Ndiyo maana Kongo yetu, pamoja na ukubwa wake wote, ina pwani ya kilomita 40 hivi tu. Mipaka ile haikuchorwa na mtu aliyefikiria wavuvi wala vijiji. Ilichorwa na watu waliohitaji mahali pa kupitisha mizigo, wakakata kiasi cha kuwatosha.

Boma ikawa mji mkuu kuanzia 1886. Reli ya kutoka Matadi hadi Léopoldville ilijengwa kati ya 1890 na 1898, kwa sababu maporomoko yanazuia meli kupanda. Hesabu rasmi ilitaja vifo vya wafanyakazi wasio wazungu 1,800, na wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Reli ilipokwisha, mpira na pembe vikaanza kumiminika. Wakati huohuo Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, alikuwa akikagua mizigo kwenye bandari ya Antwerp. Aliona meli zinakuja kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinaporudi hazibebi bidhaa za kulipia mali hiyo. Zinabeba bunduki na risasi. Kutokana na hesabu hiyo peke yake akatambua kwamba kule ng'ambo hakuna biashara, kuna kazi ya kulazimishwa.

Nawaomba wenzangu waliopiga makofi waitazame hesabu ya Morel kwa makini, kwa sababu ndiyo swali linalotufaa mpaka sasa. Tunapoambiwa bandari ni maendeleo, tuulize: nini kinatoka, nini kinarudi, na kinarudi kwa nani?

Tazama mafuta. Kisima cha bahari ya Muanda kilianza kutoa mafuta mwaka 1975. Mpaka leo mafuta yote yanayochimbwa Kongo yanatoka pwani hiyo fupi na bahari yake. Ni karibu nusu karne. Je, kuna mtu anayeweza kutuonyesha mji wa Muanda na kusema: hii ndiyo sura ya mji uliokaa na mafuta kwa nusu karne? Mama wa Muanda anapika kwa makaa kama mama wa Lubumbashi. Mwenge wa gesi unawaka usiku kucha juu ya visima, naye anatafuta kuni.

Tazama pia daraja la Matadi. Lilifunguliwa mwaka 1983, kwa msaada wa Japani, na ni daraja zuri. Lilisanifiwa libebe magari pamoja na reli, kwa sababu reli ilikuwa iende mpaka Banana, kwenye bandari ya maji marefu. Nafasi ya reli ipo. Reli haipo. Bandari hii "mpya" ni ndoto iliyozeeka kuliko sisi sote tulioijadili darasani.

Sitaki kueleweka vibaya. Mimi sipingi bandari. Ninajua sababu zake, na wale waliokuwa upande wetu katika mdahalo walikosea kujifanya hazipo. Matadi iko kilomita 150 hivi kutoka baharini. Kati ya Boma na mdomo wa mto kuna sehemu ambapo mto hupanuka na vilima vya mchanga huhama chini ya maji, leo viko hapa, mwakani viko pale. Njia ya meli lazima ichimbuliwe kila wakati, na meli kubwa haziwezi kupita. Mizigo mingi yetu hushushwa Pointe-Noire, nchi ya jirani, na kuletwa Matadi kwa meli ndogo. Gharama hiyo huongezwa kwenye bei ya mfuko wa unga na katoni ya sabuni. Tarehe 31 Januari 2022 Rais Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya Banana, inayojengwa na kampuni ya DP World ya Dubai. Awamu ya kwanza ina gati la mita 600, na maji ya kina kinachotosha meli kubwa za makontena. Kwa nchi yenye njaa ya bandari, hiyo ni habari njema. Ninachopinga ni kuijenga kana kwamba pale pa kuijengea hapakuwa na kitu.

Basi pana nini?

Mto Kongo unamwaga baharini wastani wa mita za ujazo 40,000 hivi za maji kwa kila sekunde. Duniani ni mto Amazon peke yake unaouzidi. Mito mingine mikubwa hutandaza mchanga wake mdomoni na kufanya delta. Wetu una tabia yake. Chini ya maji kuna korongo refu ambalo huanza ndani ya mlango wenyewe, kilomita 30 hivi kabla ya bahari wazi, na pale mdomoni kina chake kinapita mita 400. Mchanga hutumbukia humo na kwenda mbali baharini. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 mto ulifurika sana. Katikati ya Januari 2020, tope na mchanga vilivyojikusanya viliporomoka korongoni na kukimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100. Njiani vikakata nyaya mbili za mawasiliano, SAT-3 na WACS, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za magharibi, kati na kusini mwa Afrika. Watu walilaumu kampuni za simu. Aliyekata waya alikuwa mto.

Nimelieleza jambo hilo kwa kirefu kwa sababu linajibu dharau ya kwamba mazingira ni habari ya miti na samaki tu. Mlango wa mto ni mtambo unaofanya kazi usiku na mchana, na una nguvu ya kuvunja vitu vyetu vya gharama kubwa. Anayejenga pale bila kuuelewa anajenga kwenye mgongo wa kiboko aliyelala.

Ukingoni mwa mtambo huo kuna mikoko. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe, na katikati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kamba hukua wakiwa wamejificha. Wavuvi wa Banana wanavua leo kile kilicholelewa humo jana. Wanawake wanakusanya chaza na kome. Humo anaishi pia jamaa wa nguva, yule wa mito na milango ya Afrika magharibi, ambaye amebaki mchache kila mahali. Kwenye fukwe za karibu kasa hupanda kutaga. Kwa sababu hizo serikali ilitangaza Hifadhi ya Mikoko mwaka 1992, na mwaka 1996 hekta 66,000 ziliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Yaani Kongo yenyewe ilitia sahihi mbele ya dunia kwamba mahali hapa ni pa thamani. Hatukulazimishwa.

Mwenzangu wa mikoko-haijengi-barabara atasema: lakini wenyeji wenyewe ndio wanaoikata. Nakubali, wanaikata, kwa makaa na kwa kukaushia samaki. Lakini nimekwisha sema: wanapika kwa makaa jirani na visima vya mafuta. Mtu aliyekosa nishati katika mji unaotoa nishati si adui wa kwanza wa mikoko. Na mkoko unajenga kitu ambacho barabara haiwezi kukijenga, nacho ni ukingo. Pwani ya Muanda inaliwa na bahari mwaka hata mwaka, na nyumba zimeanguka pamoja na ardhi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia bahari ni ghali kuliko mti unaoota wenyewe.

Mwingine atasema: hizi ni ndoto za wanafunzi, hakuna bandari duniani iliyojengwa kwa kuwasikiliza wavuvi. Hapa tusiende mbali na lugha yetu. Twende Lamu. Serikali ya Kenya ilipoanza kujenga bandari kubwa pale, wakaazi walikwenda mahakamani wakalalamika kwamba mikoko inakatwa, maeneo ya kuvulia yanaharibiwa, na wao hawakushirikishwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubaliana nao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Bandari haikufutwa, gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kwa hiyo bandari na haki ya mvuvi vinaweza kusimama katika hukumu moja. Najua malipo hayaji upesi kama hukumu, na hukumu hiyo ilikuja wakati mikoko imekwisha kukatwa. Ndiyo sababu ya kusema sasa, kabla ya Banana kufika huko.

Nadai mambo manne. Moja, mkataba wa bandari ueleweke kwa wenyeji: usomwe na kuelezwa hadharani kwa Kikongo kule Muanda, na kwa lugha nyingine za taifa kwetu sisi wengine, maana Kifaransa cha wanasheria ni ukuta. Mbili, ramani ionyeshe wazi bandari inaishia wapi na hifadhi inaanzia wapi, na mpaka huo usisogee kimyakimya. Tatu, wavuvi na wakusanya chaza wahesabiwe kabla ya kazi kusonga mbele, kwa sababu asiyehesabiwa leo hatalipwa kesho. Nne, sehemu ya mapato ya bandari ibaki pale mlangoni kwa nishati, maji na ulinzi wa ukingo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na gati lake. Tunauliza mwenyeji atapona vipi.

Na sisi je? Maana ni rahisi kuidai serikali kazi huku tumekunja mikono. Kazi yetu ni lugha. Vitabu vyetu vya Kiswahili vinapotaja bahari, ni Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Sina ugomvi na miji hiyo. Imetupa maneno yote niliyoyatumia hapa: mkoko, nguva, kasa, chaza, gati. Lakini mtoto wa Kindu au Likasi akisoma vitabu hivyo anajua bahari ni kitu cha nchi za watu wengine. Tuandike kuhusu Banana kwa Kiswahili. Tutafsiri ripoti za hifadhi. Tukae na wenzetu wa Kikongo watufundishe majina yao ya samaki na ya maji. Wahadhiri wetu wakituruhusu, hata tasnifu moja kuhusu msamiati wa mlango wa mto ingekuwa mwanzo.

Wahadhiri wanajua kwamba neno mlango katika Kiswahili halina maana ya uwazi wa kupitia peke yake. Kwa watu wa pwani mlango ni pia ukoo: watu wa mlango mmoja ni watu wa jadi moja. Mimi nauelewa mlango wa mto Kongo kwa maana hiyo ya pili. Maji ya Lualaba, ya Kasai, ya Ubangi na ya Kwango yanakutana pale kama ndugu waliozaliwa nyumba mbalimbali.

Yule mwenzangu wa Dar es Salaam bado ni rafiki yangu. Ana hoja moja ambayo siwezi kuikataa: kila siku anayaona malori yakipanga foleni Kasumbalesa kwenda bahari za watu, na hajaona hata moja likielekea Banana. Ni kweli. Lakini babu yangu naye aliyaona mabehewa yakielekea huko maisha yake yote, na hayakumrudishia kitu. Barabara ikifunguliwa kesho, nisingependa mdahalo wa wajukuu wetu uwe kuhusu vitu vilivyopita. Ningependa wabishane kuhusu vilivyobaki.